Seán Óg Ó hAilpín ni mchezaji wa Cork, si mgeni aliyebahatika

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala ya ukurasa wenu wa michezo kuhusu wanamichezo waliong'ara katika nchi ambazo hawakuzaliwa, na nilifurahi kumkuta humo Seán Óg Ó hAilpín, mchezaji wa halingi wa kaunti ya Cork, kwa sababu ni nadra gazeti la Kiswahili kuutupia jicho mchezo huu wa magongo wa Waayalandi. Hata hivyo, mwandishi wenu alimweleza kama Mfiji aliyekwenda kuwashinda wenyeji katika mchezo wao wenyewe, kana kwamba alishuka kwenye ndege na kipaji kilichokwisha kuiva, akaokota gongo, akatwaa kombe. Naishi Cork kwa miaka mingi sasa. Nimesikia mchezo huu ukijadiliwa dukani, kwenye basi na kazini, na sijapata kumsikia mtu wa mji huu akimsimulia mchezaji huyo kwa namna hiyo. Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nieleze kwa nini simulizi ile inaficha jambo kubwa zaidi katika maisha yake ya uchezaji, yaani kwamba alilelewa na klabu moja ya mtaani, na kwamba bila klabu hiyo asingekuwa mchezaji, wala asingekuwa nahodha.

Kabla ya hapo nisahihishe jambo dogo la hesabu, maana litawasumbua wasomaji. Makala ilisema kwamba Cork iliifunga Galway katika fainali ya mwaka 2005 kwa mabao 1-21 dhidi ya 1-16, na msomaji wa kandanda atashangaa timu kushinda kwa bao moja huku ikiwa imefunga 21. Katika halingi tarakimu ya kwanza ni magoli, na ya pili ni pointi. Mpira ukipita chini ya mtambaa panya na kutikisa nyavu ni goli, nalo lina thamani ya pointi tatu. Ukipita juu yake katikati ya milingoti miwili ni pointi moja. Cork ilipata jumla ya 24, Galway 19. Kila upande una wachezaji 15, mechi ya wakubwa baina ya kaunti huchukua dakika 70, na mpira wenyewe ni mdogo, wa ngozi, unaotoshea kiganjani, ambao ukipigwa sawasawa na ubapa wa gongo huvuka nusu ya uwanja na zaidi.

Sasa nirudi kwa mchezaji mwenyewe. Ni kweli kwamba alizaliwa Fiji mwaka 1977. Mama yake, Emeli, ni mtu wa Rotuma, kisiwa kilicho mbali kaskazini mwa visiwa vikuu vya Fiji, na baba yake, ambaye naye anaitwa Seán, ni Mwayalandi wa kaunti ya Fermanagh. Utoto wake aliupitisha Sydney, Australia, ambako watoto wa rika lake walicheza raga, na familia ilipohamia Cork mwaka 1988 alikuwa mvulana wa miaka 11 asiyeujua mchezo wa halingi. Umri huo unastahili kuzingatiwa, kwa kuwa watoto wa Cork hushikishwa gongo tangu wakiwa wadogo mno, na mwenye miaka 11 tayari anajua kuunyanyua mpira kutoka chini bila kutumia mkono, kuutuliza juu ya ubapa na kukimbia nao. Yeye alianza akiwa nyuma ya wenzake kwa miaka mitano au sita.

Familia ilikaa Fair Hill, upande wa kaskazini wa mji, penye vilima vikali na nyumba zilizopangana kwa safu, watu wengi wakiwa wa kipato cha wastani au cha chini. Klabu ya hapo ni Na Piarsaigh, iliyoanzishwa mwaka 1943, na shule iliyo karibu ni North Monastery, ambayo watu wa Cork hawaitaji bila kumtaja pia Jack Lynch, mwanafunzi wake wa zamani, aliyetwaa ubingwa wa Ayalandi nzima miaka sita mfululizo kuanzia 1941, mara tano katika halingi na mara moja katika kandanda ya Kigaeli, mchezo wa Waayalandi unaochezwa kwa mikono na miguu, kisha akawa Waziri Mkuu wa nchi. Mtoto aliyeingia katika shule hiyo na klabu hiyo hakuingia mahali pa kawaida. Alikabidhiwa kwa watu ambao kazi yao ya jioni, isiyo na malipo, ni kuwafundisha watoto wa jirani, na ambao hawaulizi baba wa mtoto alitoka wapi alimradi mtoto amefika mazoezini na viatu vyake.

Marehemu Micheál Ó Muircheartaigh, mtangazaji wa redio ambaye sauti yake ilikuwa sehemu ya mchezo wenyewe, aliwahi kusema hewani kwamba baba yake Seán Óg ametoka Fermanagh, mama yake ametoka Fiji, na kwamba hakuna hata moja kati ya sehemu hizo mbili iliyo ngome ya halingi. Watu wa huku huurudia utani huo hadi leo na kuucheka. Wengi wanaoupenda ni kwa sababu ya Fiji, lakini uzito wake uko Fermanagh: kaunti hiyo ya kaskazini ni ya kandanda ya Kigaeli, na halingi yake ni dhaifu. Kwa maneno mengine mtangazaji yule alikwisha kutuambia kwamba damu haimwelezi mchezaji huyu, si ya mama wala ya baba. Kinachobaki ni Fair Hill.

Ukifuatilia ngazi alizozipanda utaona jambo hilo waziwazi, kwa kuwa hakuna aliyoiruka. Mwaka 1995 alikuwa katika timu ya vijana wa Cork iliyotwaa ubingwa wa Ayalandi, na mwaka huohuo Na Piarsaigh ikawa bingwa wa klabu za kaunti. Mwaka 1996 alikwisha kuingia katika kikosi cha wakubwa, wakati ambapo Cork, kaunti yenye majivuno makubwa katika mchezo huu, ilikuwa ikichapwa na kuchekwa. Miaka ya 1997 na 1998 alitwaa ubingwa wa walio chini ya miaka 21, mara mbili mfululizo. Wengi wa vijana hao ndio waliopandishwa na kocha Jimmy Barry-Murphy, na Septemba 1999, siku ya mvua, wakaifunga Kilkenny 0-13 kwa 0-12 katika fainali ambayo hakuna upande uliopata goli hata moja. Cork ilikuwa haijalishika kombe hilo tangu 1990.

Makala yenu haikugusia kilichofuata, na kwa maoni yangu ni kosa kukiacha. Wiki mbili tu baada ya fainali hiyo Seán Óg alirudi katika uwanja uleule wa Croke Park mjini Dublin, safari hii akiwa beki wa timu ya kandanda ya Kigaeli ya Cork katika fainali dhidi ya Meath. Mtu mmoja tu katika historia, Teddy McCarthy, naye wa Cork, ndiye aliyepata kucheza na kushinda fainali zote mbili za wakubwa katika mwaka mmoja, nao ulikuwa 1990. Seán Óg alikosa kuwa wa pili kwa tofauti ya pointi tatu, Meath 1-11, Cork 1-8. Fikirieni mazoezi ya timu mbili, makocha wawili, michezo miwili yenye mipira tofauti na miguso tofauti, kwa kijana wa miaka 22 asiyelipwa hata senti kwa lolote kati ya hayo.

Kuhusu kutolipwa, msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea habari za mishahara ya wachezaji wa Ulaya anahitaji kuambiwa bila kuzungushwa. Chama cha Michezo ya Kigaeli, kilichoanzishwa katika mji wa Thurles mwaka 1884, kinaendesha michezo ya ridhaa. Kinamiliki Croke Park, uwanja unaobeba watu zaidi ya 82,000, na siku ya fainali hujaa pomoni, lakini wachezaji wanaowajaza watu hao hurudi kazini Jumatatu au Jumanne. Seán Óg alikuwa mfanyakazi wa benki. Hauzwi mchezaji, hanunuliwi. Unachezea klabu ya ulikokulia, na kaunti ya klabu hiyo, na kuhama si jambo jepesi. Ndiyo maana neno mgeni halimkai mtu aliyepitia mfumo huo tangu utotoni. Katika ligi za kulipwa mgeni huletwa kwa sababu anajua mchezo. Huyu alifundishwa mchezo kwa sababu alikuwa mtoto wa hapo.

Mwaka 2001 alipata ajali ya gari, akakatika kano ya goti, na wengi walidhani uchezaji wake umekwisha. Alirudi. Sitaongeza hapa maneno ya ushujaa kama yaliyojaa katika makala yenu, kwa sababu kilichomrudisha kilikuwa mazoezi ya miezi mingi, na yeye alijulikana kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote: wachezaji wenzake, hata wa kaunti pinzani, walimtambua kuwa mtu wa kufika wa kwanza mazoezini na kuondoka wa mwisho.

Miaka ya 2003 hadi 2006 ndiyo kilele chake, na hapo ningependa kukaa kidogo. Alivaa jezi namba 7, beki wa kushoto katika safu ya pili ya ulinzi, pamoja na Ronan Curran katikati na John Gardiner upande wa kulia. Safu hiyo ya watu watatu ndiyo iliyoibeba Cork. Kazi yake, kwa asiyewahi kuiona, ni hii: kipa wa upande wa pili huupiga mpira juu sana, nao hukawia hewani kiasi cha wachezaji wanne au watano kujikusanya chini yake, magongo yameinuliwa. Beki anatakiwa kupenyeza mkono mtupu katikati ya magongo hayo, kiganja wazi, huku akiukinga kwa gongo lake mwenyewe lililo katika mkono mwingine, na kuudaka mpira kabla gongo la adui halijashuka juu ya vidole. Akishaudaka, sheria inamruhusu kwenda nao hatua nne tu mkononi. Baada ya hapo lazima aupige, aupitishe, au auweke juu ya ubapa na kukimbia nao. Seán Óg aliruka akiwa na muda wote duniani, au ndivyo ilivyoonekana, na alipotua alikuwa amekwisha kugeuka kuelekea mbele. Kisha alikimbia kwa mwendo ule wa raga, kifua mbele, na washambuliaji waliotakiwa kumlinda yeye wakajikuta wakimfuata kwa nyuma.

Ilisaidia kwamba Cork ya wakati huo, chini ya kocha Donal O'Grady na baadaye John Allen, iliacha desturi ya kuupiga mpira mbali na kuomba Mungu, ikacheza kwa pasi fupi kuanzia kwa kipa wake Donal Óg Cusack. Wazee wengi wa hapa walinung'unika kwamba huo si mchezo wa Cork. Walinyamaza mwaka 2004, Kilkenny ilipofungwa 0-17 kwa 0-9 katika fainali, tofauti ya pointi nane dhidi ya timu iliyokuwa bingwa wa miaka miwili iliyotangulia. Mwaka huo Seán Óg alichaguliwa mchezaji bora wa mwaka wa halingi, na katika miaka mitatu mfululizo, 2003, 2004 na 2005, aliingizwa katika kikosi cha heshima cha All Star, ambamo ni wachezaji 15 tu wa nchi nzima wanaochaguliwa.

Sasa nifike kwenye unahodha, ambao mwandishi wenu aliuita heshima ambayo Waayalandi walimpa mgeni. Hakupewa kwa hisani ya mtu yeyote. Desturi ya Cork wakati huo ilikuwa kwamba klabu iliyotwaa ubingwa wa kaunti ndiyo iliyomteua nahodha wa timu ya kaunti kwa mwaka uliofuata. Mwaka 2003 bingwa alikuwa Newtownshandrum, na kwa hiyo Ben O'Connor wa klabu hiyo alikuwa nahodha wa 2004. Mwaka 2004 bingwa alikuwa Na Piarsaigh. Hivyo wakulima, mafundi, makarani na wastaafu wa Fair Hill walioshinda michuano ya klabu ndio waliomfanya mtoto wao kuwa nahodha wa 2005, naye mwenyewe alikuwa uwanjani pamoja nao wakati wakiushinda. Kama Na Piarsaigh wangefungwa katika fainali hiyo ya kaunti, mtu mwingine angepanda ngazi za Croke Park kupokea kombe mwaka uliofuata, hata kama Seán Óg angekuwa mchezaji bora wa karne. Sijui desturi nyingine inayoonyesha vizuri zaidi kuliko hii kwamba mchezaji wa kaunti ni wa klabu kwanza.

Alipopanda ngazi hizo tarehe 11 Septemba 2005, baada ya Galway kufungwa, alishika kombe na kutoa hotuba yake yote kwa Kiayalandi, lugha ambayo katiba ya nchi inaitambua kuwa lugha ya taifa lakini ambayo wananchi wengi hawaitumii nyumbani. Manahodha wengi husema sentensi moja ya kufungulia katika lugha hiyo, kisha wakahamia Kiingereza kwa shukrani zao. Yeye hakuhama. Niliwasikia watu wa Cork wakikiri, kwa aibu kidogo, kwamba hawakuelewa yote, na kwamba hawakujali. Kumbuka pia kwamba kombe lenyewe limepewa jina la Liam MacCarthy, mtu aliyezaliwa London kwa wazazi wa Kiayalandi, baba yake akiwa ametoka Cork, na ambaye alilitoa akiwa hukohuko Uingereza. Mchezo huu umezoea watu waliozaliwa mbali kuliko makala yenu ilivyodhani.

Hilo lilikuwa taji la 30 la Cork. Mwaka 2006 walifika tena fainali wakitafuta la tatu mfululizo, Kilkenny ikawafunga 1-16 kwa 1-13.

Makala ilimtaja mdogo wake Setanta kwa mstari mmoja, nami nadhani familia hii haieleweki bila kuwaweka ndugu hao pamoja. Setanta, kijana mrefu kuliko kawaida ya wachezaji wa halingi, aliingia timu ya wakubwa ya Cork mwaka 2003 kama mshambuliaji, na katika fainali ya mwaka huo dhidi ya Kilkenny alifunga goli pekee la Cork. Walishindwa 1-14 kwa 1-11, lakini kila mtu alisema kijana huyu atatamba kwa miaka kumi. Hakutamba kwa hata mmoja zaidi. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameitwa Melbourne na klabu ya Carlton, kuchezea kandanda ya Australia kwa kulipwa, mchezo ambao hata haukuwa wake, nao wakamfundisha upya kabisa. Mdogo wao Aisake naye alipitia Carlton, kisha akarudi Cork na kucheza mbele katika timu ambayo kaka yake mkubwa alikuwa bado analinda nyuma.

Kwa hiyo ndani ya nyumba moja ya Fair Hill kulikuwa na njia zote mbili. Kuna watu hapa ambao hadi leo humlaumu Setanta, nami siwaungi mkono, kwa kuwa kijana wa miaka 20 aliyepewa nafasi ya kuishi kwa nguvu za mwili wake hana deni kwa mtu. Lakini kinachonivutia zaidi ni kwamba Seán Óg, aliyekuwa na mwili na kasi ya kumfaa mchezo wowote wa kulipwa, na aliyekulia Sydney, alibaki benki na Na Piarsaigh. Ndiye huyu ambaye mngemtarajia aondoke wa kwanza, kama kweli angekuwa mgeni.

Jambo ambalo makala yenu ililikwepa kabisa ni migomo. Sijui kama lilikwepwa kwa kutojua au kwa hofu ya kuiharibu hadithi nzuri, lakini huwezi kuandika maisha ya uchezaji ya mtu huyu ukaiacha. Mwishoni mwa 2002 wachezaji wa Cork waligoma dhidi ya bodi ya kaunti yao, wakidai matibabu ya uhakika, usafiri unaostahili na mahali pazuri pa mazoezi. Hawakudai mishahara. Walipata waliyotaka, na mafanikio ya 2003 hadi 2006 yalichipuka katika makubaliano hayo. Majira ya baridi ya 2007 kuingia 2008 waligoma tena, safari hii kuhusu nani mwenye haki ya kuteua wasaidizi wa kocha, na mgogoro ukaisha kwa msuluhishi. Mwaka uliofuata ulikuwa mbaya zaidi: wachezaji wa kikosi cha 2008 walikataa kumchezea kocha Gerald McCarthy aliyeongezewa muda, na Cork ikaingia ligi ya 2009 na vijana wasiojulikana, wakapigwa. McCarthy hakuwa mtu wa mitaani. Alikuwa nahodha wa Cork iliyotwaa ubingwa mwaka 1966, na kwa wazee wa mji huu kumkataa yeye kulikuwa kama kumfukuza mjomba nyumbani. Maelfu ya mashabiki waliandamana mjini kuwaunga mkono wachezaji, wengine maelfu wakabaki majumbani wamenuna, na mwezi Machi kocha akajiuzulu.

Seán Óg alikuwa upande wa wachezaji katika migomo yote mitatu. Mimi naona mgomo wa kwanza ulikuwa wa haki tupu, wa pili ulikuwa na hoja, na wa tatu uliumiza watu ambao hawakustahili kuumizwa, hata kama wachezaji walikuwa sahihi kuhusu namna kocha alivyoteuliwa. Wapo watakaonipinga. Lakini mtazame kwa jicho hili: mtu ambaye makala yenu inamwita mgeni mwenye shukrani alikuwa tayari kugombana na viongozi wa kaunti yake, kuzomewa na wazee wa mtaani kwake, na kuhatarisha nafasi yake, mara tatu. Mgeni anayejiona mgeni huchagua kunyamaza. Huyu aligombana kama mwenye nyumba.

Wala hakuwa malaika. Mwaka 2007, kabla ya mechi dhidi ya Clare katika uwanja wa Semple mjini Thurles, timu hizo mbili zilitoka wakati mmoja na kugongana karibu na mlango wa kuingilia uwanjani, ngumi zikarushwa, na yeye alikuwa mmoja wa wachezaji watatu wa Cork waliofungiwa, pamoja na Diarmuid O'Sullivan na Donal Óg Cusack.

Baada ya msimu wa 2010, akiwa na miaka 33, aliondolewa kikosini na kocha Denis Walsh, ambaye alikuwa ameichukua timu kufuatia mgogoro uleule wa McCarthy. Hakustaafu wala hakuumia. Aliambiwa tu kwamba hahitajiki tena. Mji ulishangaa, redio za hapa zikajaa simu za wasikilizaji, naye akaendelea kuichezea klabu yake kama mchezaji mwingine yeyote wa Na Piarsaigh, Jumapili asubuhi, mbele ya watu mia mbili au tatu badala ya elfu themanini. Hapo ndipo utaratibu wa ridhaa unapoonyesha uso wake mwingine. Mchezaji wa kulipwa aliyeachwa hutafuta timu mpya. Wa kaunti hana pa kwenda ila kurudi klabuni, ambako hakuwahi kuondoka.

Jimmy Barry-Murphy, kocha wa 1999, aliporudi kuifundisha Cork kwa msimu wa 2012, alimwita tena. Seán Óg alikuwa anakaribia kutimiza miaka 35, wachezaji wengine kikosini walikuwa watoto wa shule ya msingi wakati yeye akishinda taji lake la kwanza, na bado alicheza hadi nusu fainali ya Ayalandi, ambako Galway iliwatoa. Mwaka huohuo alitangaza kustaafu kuichezea kaunti, akiwa na mataji matatu ya Ayalandi nzima na jezi aliyoivua kwa hiari yake mwenyewe, si kwa kuambiwa.

Ombi langu kwa dawati lenu la michezo ni jepesi. Mkiandika tena kuhusu familia hii, tajeni Rotuma na Fiji kwa heshima, kwa sababu mwenyewe hakuwahi kuzificha na mama yake anastahili kutajwa kwa jina. Lakini anzeni mwaka 1988 na uwanja wa Na Piarsaigh, mweleze jinsi klabu ilivyokuwa ikimteua nahodha, na muandike migomo pamoja na mataji. Na kama mna nafasi ya picha moja tu, badala ya ile ya kombe iliyochapishwa kila mahali, tafuteni yoyote inayomwonyesha akiwa na Curran na Gardiner katika safu yao ya ulinzi, kwa kuwa hapo ndipo alipofanyia kazi.

Wasalaam,
Msomaji wenu, Cork, Ayalandi